Katika Ukumbi Wangu Kila Mteja Alinunua

Nina miaka thelathini na minne na ninaacha kazi kwa sababu ya mgongo. Neno "kustaafu" ambalo shefu, mkuu wetu wa depo, ameliandika kwenye barua yangu limewachekesha watu wa nyumbani, na mdogo wangu ameuliza kama nimeshanunua fimbo. Lakini daktari amesema pikipiki basi, na kufundisha wauzaji wa mifuko ya mahindi bila kupanda pikipiki ni kukaa mjini Uvira na kusimulia. Niliwahi kuifanya kazi hiyo kwa namna hiyo. Ndilo kosa ambalo karatasi hizi zinahusu. Nimeanza ukurasa huu mara sita kabla ya kukubali kwamba hautakuwa mzuri.

Ninyi mnaobaki depo, hasa mliokuja mwaka huu, hamtakuta humu nani alipandishwa cheo na lini. Hayo sikuyafuatilia vizuri na hayatawasaidia mkifika Lubarika na mvua.

Mfuko wenyewe mnaujua, ila naueleza kwa ajili ya mtu mwingine atakayesoma. Nje ni mfuko wa kawaida wa kusukwa. Ndani kuna plastiki mbili nzito, moja ndani ya nyingine, na kila moja inafungwa kwa kamba yake. Hewa haiingii. Fukusi walioingia na mahindi wanakufa, na mahindi yanakaa miezi mingi bila dawa. Ni kitu kizuri na sijawahi kuona aibu ya kukiuza. Shida yake ni moja: mnunuzi hawezi kuona ubora wake siku ya kununua. Anakifunga, anangoja, anakifungua. Kama kuna kosa, limekaa gizani muda wote huo likikua.

Niliingia depo nikiwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha mwaka wa tano wa sekondari, na kila nilichojua juu ya kuuza nilikipata kwenye vijitabu vya Kifaransa vilivyokuwa vimeachwa kabatini, nikivisoma kwa msaada wa kamusi iliyokatika kwenye herufi ya P. Maneno yote kuanzia Q hadi Z niliyakisia kwa miaka, pamoja na neno la kuuza lenyewe, vendre. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika majina ya vijiji kwenye mizigo kwa rangi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nasema hivyo bila majivuno, kwa kuwa mwandiko huo ndio uliotuletea matatizo.

Muuzaji wa zamani kuliko wote alikuwa Papa Musafiri, aliyezunguka tambarare nzima ya Ruzizi kwa baiskeli. Mwaka wangu wa pili shefu alinituma nifuatane naye Kiringye ili nijifunze. Tulifika kwenye kiwanja cha mama mmoja saa tatu asubuhi. Papa Musafiri akaomba kiti, akasogezewa bakuli la maharage, akaanza kusaidia kumenya. Wakazungumza juu ya mvua, juu ya mbuzi wa jirani aliyekula miche, juu ya binti aliyeolewa Lemera na kulalamika baridi. Mifuko ilikuwa bado imefungwa kwenye baiskeli. Mimi nilikuwa na daftari, nikihesabu saa. Saa tano ikapita. Nikamnong'oneza:

"Papa, mbona hatuyasema kitu?"

"Tumesema mingi. Weye ulikuwa unangoyea mufuko tu."

Mwishowe mama mwenyewe aliinyooshea baiskeli kidole, akauliza, "Na hiyo kitu iko kwa kinga yako ni nini?" Papa Musafiri hakusimama hata kuileta baiskeli karibu. Alimuuliza tu alivuna siku gani, mahindi aliyaanika wapi, na katika nyumba hiyo nani ndiye angefungua mfuko. Ndipo alipoeleza. Maneno yake hayakuzidi dakika tano, na mama alinunua miwili.

Usiku huohuo niliandika maelezo yake yote, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu mzuri. Maswali yale matatu sikuyaandika. Niliyaona kama sehemu ya maongezi, sawa na yule mbuzi.

Papa Musafiri alipochoka miguu, shefu alitafuta mtu wa kufundisha wauzaji wapya. Akaona daftari langu na akanipa kazi hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa naandika. Nilitoa maandishi ya kurasa tisa: salamu, utangulizi, sifa saba za mfuko, majibu ya pingamizi kumi na moja, namna ya kuaga. Kila muuzaji aliyajifunza kwa moyo. Tulikodi ukumbi mtaani Mulongwe kwa siku nne. Asubuhi kukariri, mchana kuigiza. Mmoja alikuwa muuzaji, mwenzake mteja. Mimi nilisimama pembeni na kalamu nyekundu nikiweka alama kwa kila neno lililorukwa.

Nilijiona nafanya kazi kubwa. Wauzaji wangu walisema vizuri sana. Shefu alikuja siku ya nne, akapiga makofi. Katika ukumbi ule hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kukataa, na sikujiuliza kwa nini. Sababu ilikuwa wazi: mteja alikuwa mwenzao mwenye njaa, anayetaka zamu yake iishe tukale.

Katika kundi la tatu alikuja Mapendo. Mzaliwa wa Kiringye, binti wa wakulima, mikono imeota sugu za jembe. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Kukariri kulimshinda. Alikuwa anasimama katikati ya sifa ya nne na kuanza kumuuliza mteja mambo: unalima upande gani wa mufereji, mwaka jana ulipata ngapi. Wenzake walicheka. Mimi nilikuwa natia alama nyekundu.

Siku ya tatu aliinua mkono.

"Mademwazeli, na kama mahindi iko mubichi? Kama haiyakauka?"

Jibu nilikuwa nalo, na nililipenda kwa jinsi lilivyokaa sawa mdomoni. Nikasema, "Unamwambia mteja: mfuko huu unahifadhi kitu kama ulivyokiweka."

Mapendo akafikiri kidogo. "Basi ukiweka mubaya, utatoa mubaya."

Ukumbi wote ukacheka. Mimi niliona kama wananicheka mimi. Nikamwambia, "Hiyo usiseme kwa mteja hata siku moja. Utamuogopesha. Kama neno haliko kwenye karatasi, haliko."

Siku ya nne nilimpa alama za mwisho. Nikambakiza wiki nzima baada ya wenzake kwenda, mimi na yeye peke yetu, mpaka kurasa tisa zikatoka bila kosa. Alipomaliza mara ya mwisho nilimkumbatia. Nilikuwa na furaha ya kweli. Sauti yake ilikuwa imeshakuwa yangu, hata pale ninapopumua.

Mavuno ya mwezi wa kwanza yanaangukia mvua, hilo kila mtu wa tambarare anajua. Watu wanavuna haraka, wanaanika kati ya mvua na mvua, na kuna mwaka jua halitoshi. Mwaka ule halikutosha. Tuliuza mifuko mingi kuliko wakati wowote, maana watu walitaka kuficha mahindi kabla fukusi hawajayaona. Nilisikia sifa nyingi depo, nikazipokea.

Miezi minne baadaye Papa Zihindula wa Lubarika alifika Uvira na pikipiki, mfuko mmoja umefungwa nyuma. Ni mzee mrefu, mkali, anayevaa koti hata kwenye joto. Hakusalimu. Aliufungua mfuko katikati ya depo na kuumwaga chini.

Mahindi yalitoka kwa vipande, yameshikana kama matofali, kijani na nyeusi. Harufu yake ilikuwa kama ya pombe iliyoachwa. Mteja mmoja aliyekuwa anangoja risiti alitoka nje.

"Iko ingine saba kama hii," alisema Papa Zihindula. "Hiyo ni chakula ya watu kumi na moja, na mbegu. Sasa nionyesheni ile muntu anaweza kula hii."

Shefu alimpa kiti, akakikataa. Shefu akauliza ni nani alimuuzia. Papa Zihindula akasema, "Mutoto ya mudogo wangu. Mapendo."

Hapo ndipo nilipojua. Mapendo alikuwa amemuuzia baba yake mkubwa.

Aliitwa kutoka kwenye ghala la nyuma. Alipoyaona mahindi sakafuni hakuuliza kitu. Shefu akamwambia, "Ulimuambia nini siku ile? Sema yote." Mapendo akasimama wima, mikono pembeni kama nilivyomfundisha, akasema kurasa zangu. Salamu, utangulizi, sifa saba. Hakuruka neno. Alipofika kwenye "mfuko huu unahifadhi kitu kama ulivyokiweka", alisema kwa sauti yangu, na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake nikitazama daftari.

Papa Zihindula akamsikiliza mpaka mwisho. "Munaona? Huyu amekuwa redio. Redio haina masikio."

Shefu alimwambia Mapendo akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Mimi sikusema kitu. Nimeandika sentensi hii na kuifuta mara nyingi, nikitafuta ya kuiweka mbele yake ili isionekane peke yake. Haipo. Nilijua kwamba aliniuliza swali lenyewe mbele ya watu kumi na wanne, na kwamba nilimnyamazisha, na nikaacha apelekwe nyumbani.

Nilisema siku ya tatu. Nilikwenda kwa shefu asubuhi kabla ya watu, nikamsomea nilichokuwa nimeandika, maana bila karatasi nisingeweza. Alisikiliza akiwa anafunga kamba za mzigo.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nani? Minye?" Akajigusa kifua.

"Niliogopa kuonekana nimekosa."

Akavuta kamba, akakata. "Pesa ya mifuko tutamurudishia muzee, na mahindi ya kula tutatafuta. Mapendo anaweza kurudia. Lakini kumuambia, utaenda weye."

Nilikwenda Kiringye siku hiyo. Nilimkuta Mapendo shambani, anapalilia muhogo. Hakuacha jembe. Nilimwambia yote niliyomwambia shefu, na kwamba anaweza kurudi kazini.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kama mahindi iko mubichi. Minye ni mutoto ya ile nyumba, ninaingia mpaka kwa ghala. Nilitia mukono ndani. Nikasikia joto."

Hili lazima niwaeleze wale wanaotoka mjini. Katika tambarare na kule juu Lemera, mgeni hatii macho kwenye ghala la mtu. Akiba ya chakula ni siri ya nyumba. Muuzaji akiomba kuona mahindi, wenye nyumba wanaona anahesabu, na anayehesabu chakula cha wenzake ana lake. Wauzaji wangu wote walikuwa wageni mlangoni, wakisema karatasi kwa mahindi wasiyoyaona. Mapendo peke yake, katika nyumba ile moja, alikuwa na ruhusa ya kutia mkono.

"Kwa nini hukumwambia?" nikamuuliza.

Hapo ndipo alipoliegemea jembe. "Weye ulinifundisha wiki muzima nisiseme."

Nikamwomba arudi. Akasema hapana, ana muhogo. Nikamwambia nitafuta kurasa zote tisa. Akasema, "Futa. Lakini minye siwezi kurudia kusemea mbele yako. Kila neno ninangoyea kalamu nyekundu." Kisha akaniuliza kama nimekula, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na nikala kwao, na sikumpata.

Kazi yangu yote baada ya hapo ilikuwa kujaribu kufundisha kwa namna ambayo Mapendo angeweza kukaa ndani yake. Sikuwa na kijitabu cha jambo hilo. Nawaandikia nilichokiona, na mengi nilianza kwa kukosea.

Kwanza niliacha ukumbi. Nilimfuata Papa Zihindula Lubarika na kumwomba kiwanja chake kwa mafunzo. Alikuwa bado ana hasira, na nadhani alikubali ili awe na mahali pa kuiweka. Wauzaji wapya waliuza kwake, kwa wake za majirani, kwa yeyote aliyepita. Alikuwa mteja mbaya kupita kiasi. Kijana mmoja wa Kavimvira alianza, "Papa, mfuko huu una sifa saba," naye akamkatiza, "Nipe moja, zile sita upelekee bibi yako." Mwingine alisema mahindi yatakaa mwaka mzima. Papa Zihindula akamjibu, "Weye mwenyewe uliisha kukaa na yako mwaka muzima?" Kijana akageuka. Akanitazama. Hata mimi sikuwahi kuhifadhi gunia moja maishani mwangu. Nilikuwa nimefundisha watu kuuza kitu ambacho sikuwahi kukifungua.

Kutoka siku hiyo kila muuzaji mpya anapewa mfuko na mahindi, anaufunga mwenyewe, na anangoja miezi mitatu akifanya kazi za ghala. Ndipo anaufungua mbele ya wenzake. Shefu alinung'unika sana juu ya miezi hiyo mitatu. Lakini mtu aliyewahi kuufungua wake hahitaji sifa saba. Anasema, "Mimi wangu niliukaza kamba vibaya, fukusi waliishi," na mteja anasogeza kiti.

Pili, maswali. Nilimtafuta Papa Musafiri nyumbani kwake, nikamwambia nimeharibu. Alicheka mpaka akakohoa. Akanikumbusha maswali yake matatu, akashangaa kwamba sikuyaandika. "Yale njo ilikuwa kazi," alisema. "Yale mengine ni kusemasema tu, ili mama asione kama ninamuuliza." Wauzaji wakaanza na hayo: ulivuna lini, ulianika wapi, nani atafungua. Hakuna kukariri kingine.

Tatu, chupa ya chumvi, ambayo niliikuta kwenye kijitabu, bahati nzuri kwa maneno mengi yanayotangulia P kwenye kamusi yangu. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mahindi kidogo na kijiko cha chumvi kavu, unatikisa, unaacha kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Ikianguka chini, funga mfuko. Uzuri wake ni kwamba mteja analeta mwenyewe konzi moja ya mahindi kutoka kwenye ghala lake. Hakuna mgeni anayeingia. Hakuna kijana anayemwambia mzee kwamba amekosea. Chumvi ndiyo inasema.

Mara ya kwanza niliionyesha kwa chumvi niliyotoka nayo Uvira. Kila konzi ilishindwa. Mahindi makavu kabisa ya wake watatu wa jirani, yaliyokaa juani siku tisa, yakaonekana mabichi. Mama mmoja akayang'ata mahindi yake kwa jino, yakalia, akaniambia, "Dada, chupa yako iko na mulevi ndani." Chumvi ya Uvira inanyonya hewa ya ziwa mpaka inatoa maji yenyewe. Lazima uikaange kwanza kwenye sufuria kavu. Wakati ule nilitamani ardhi inimeze. Leo nawaambia wapya kisa hicho siku ya kwanza, na naona mabega yao yakishuka.

Na jino la yule mama, baadaye niligundua, lilikuwa linakubaliana na chumvi karibu kila mara. Tunafundisha vyote viwili. Wenye meno mabovu wanatumia chupa.

La nne lilinichukua muda mrefu kuliko yote. Nilitaka wauzaji waniletee kila Jumatatu maswali waliyoshindwa kujibu, tuyatafutie majibu pamoja, na hilo liwe ndilo somo la wiki. Nikafungua daftari, nikaliita la Sijui. Wiki ya kwanza halikuwa na kitu. Ya pili vilevile. Ya tano shefu akauliza kama wauzaji wangu sasa wanajua kila kitu. Nilijua sababu. Walikuwa bado wanaiona kalamu nyekundu, ingawa nilikuwa nimeshaitupa.

Jumatatu ya sita nikaandika mimi. Niliandika juu ya Mapendo, swali lake, jibu langu, mahindi yaliyomwagwa, na siku tatu nilizonyamaza. Nikasoma mbele yao. Sikuyasoma vizuri. Kisha kijana wa Kavimvira akachukua daftari na kuandika kwamba mteja wa Runingu alimuuliza kama panya wanatoboa plastiki, naye akasema hapana bila kujua. Tulitafuta. Panya wanatoboa. Ndilo lilikuwa somo la wiki ile, kuinua mifuko juu ya mbao na kuiweka mbali na ukuta, na kila mmoja alilikumbuka kwa sababu lilikuwa la mtu aliyemjua.

Sikutia alama tena. Nitawaambia ukweli, sikupona. Bado nikisikia muuzaji anasema "plastiki moja" wakati ziko mbili, vidole vyangu vinatafuta kalamu. Nilijifunza kukaa nyuma ya watu na kushikilia kitu, mara nyingi ile chupa.

Miaka hiyo yote Mapendo alikuwa Kiringye. Nilisikia habari zake kutoka kwa wauzaji. Watu wa huko walikuwa wakiulizwa kama wananunua, wanajibu, "Ngoya, tumuulize Mapendo kwanza." Alikuwa anakuja, anatia mkono ndani ya mahindi, anasema rudisheni juani siku mbili, au anasema fungeni. Kiringye aliingia ghala la kila nyumba. Hatukuwahi kumlipa. Mahindi ya Kiringye hayakuoza.

Mwezi uliopita, barua ya daktari ilipotoka, shefu aliniuliza nani atafundisha. Nikasema jina lake kabla hajamaliza. Akasema, "Alikukatalia." Nikasema, "Alikataa kusemea mbele yangu."

Nilikwenda kwa gari, polepole, mgongo umefungwa kitambaa. Nilimkuta anakoboa mahindi na mama yake. Ameolewa, ana watoto wawili, amenenepa. Nilikuwa nimebeba mfuko wa karatasi: daftari za Sijui zote, mipango ya wiki kumi na mbili, michoro ya kamba. Nilikuwa nimevinakili upya kwa mwandiko safi. Nikamweleza kazi. Akaendelea kukoboa.

"Shefu anajua?"

"Anajua."

"Na ile karatasi yote iko ya nini?"

"Ni ya kukusaidia. Kuna mambo nimeandika, wiki ya kwanza unaanza na..."

"Mademwazeli."

Nikafunga daftari nililokuwa nimelifungua.

"Minye nitakuya," akasema. "Siku ya kwanza nitafanyia pale kwa Baba Mukubwa. Nitawapatia mahindi, mabichi na makavu, watie mukono mpaka wajue. Kusema tutasema kisha. Lakini siku ile, weye usikuye."

"Nitakaa nyuma tu. Sitasema."

"Utakaa nyuma na ile sura yako."

Mama yake akacheka, akaficha mdomo kwa khanga. Mapendo hakucheka, ila hakuwa na hasira. Alikuwa ananieleza sharti la kazi, kama mtu anayesema lazima chumvi ikaangwe.

"Na karatasi?" nikauliza.

"Acha. Nitasoma. Pengine."

Niliziacha juu ya kiti. Nikiwa njiani kurudi Uvira nilikumbuka makosa mawili kwenye mpango wa wiki ya tisa, na nikaomba dereva asimame. Akasimama. Nilikaa dakika chache nikitazama mashamba ya mpunga, kisha nikamwambia aendelee.

Mafunzo ya Mapendo yalianza Jumanne iliyopita. Saa kumi na mbili nilikuwa nimeamka. Saa moja nilikuwa nimeshavaa, na gari la kwenda Luvungi, njia ya Lubarika, lilikuwa linaita abiria mbele ya nyumba yetu. Saa mbili ndiyo saa ya kuanza. Saa mbili nilivua viatu nikavirudisha chini ya kitanda, nikaenda kumsaidia mama kufua.